Sifuri ya Yohani Qamara

Yohani Qamara wa Daa alikuwa mtu wa kusema yuko salama. Si kwamba alikuwa salama wakati wote. Nani yuko salama wakati wote? Ila ndivyo alivyosema, tena kwa uso mkavu, hata aliyemwona anachechemea akaondoka akiamini ni viatu tu vinambana.

Wanaomjua wanasema ugonjwa huo aliupatia shuleni. Nyumbani kwao walisema Kiiraqw, na kwa Kiiraqw mtoto akiumwa tumbo alisema tumbo linauma, akapewa dawa au akapewa kofi, yakaisha. Kiswahili alikikuta darasa la kwanza, na neno la kwanza kabisa alilofundishwa lilikuwa "hatujambo". Mwalimu anaingia, wanasimama: hamjambo watoto, hatujambo mwalimu. Mwaka wa njaa walisimama darasa zima, hakuna aliyetia kitu tumboni tangu jana yake, na bado wakaitikia hatujambo kwa sauti moja, na mwalimu ambaye naye hakuwa amekula akasema kaeni chini. Basi Kiswahili kikamkaa Yohani kichwani hivyo, kwamba ni lugha ya kuwa mzima. Baadaye akapata kazi ya bustani kwenye loji moja juu ya Karatu. Kila asubuhi wageni walipita na kamera zao kwenda kreta kutazama wanyama, wakamuuliza hali, naye akajibu "fain", hata siku ile aliyomwagilia maua huku homa inamtetemesha. Aliporudi Daa kulima mahindi na mbaazi zake alikuwa ameshaiva, hageuki tena.

Mkewe, Dorkasi, aliyaona madhara ya tabia hiyo mapema kuliko mtu yeyote. Kuna mwaka tembo walishuka kutoka msitu wa hifadhi wakakesha shambani kwao, asubuhi ikakuta mahindi yamelala kama yaliyopigwa pasi. Akaja afisa kuandika walioharibikiwa ili wapate chakula cha msaada. Akamuuliza Yohani hali ya shamba. Yohani akasema si haba, kimebaki kidogo. Hicho kidogo kilikuwa mstari mmoja wa mahindi nyuma ya choo! Afisa akashukuru, akavuka kwa jirani yao Vedasto, ambaye hakupoteza hata nusu ya walichopoteza wao, lakini alikuwa amekaa chini na kujishika kichwa, analia. Chakula kikaenda kwa Vedasto. Dorkasi alimpikia mumewe mboga zisizo na chumvi msimu mzima, na mume alipoulizwa na watu habari za nyumbani alisema nzuri tu.

Huyo ndiye mtu aliyevunjika mguu.

Ilikuwa wakati wa mavuno. Alikuwa anashusha magunia ya mahindi kwa mkokoteni wa punda kwenye mteremko wa korongo. Punda akagoma, gurudumu likapanda jiwe, mkokoteni ukapinduka na mzigo wake wote ukamwangukia Yohani mguu wa kushoto. Waliokuja kumchomoa walikuta muundi umevunjika katikati, mguu umepinda mahali ambapo Mungu hakuweka goti. Wakamuuliza vipi, Mzee Yohani. Akasema yeye yuko salama, wamwangalie punda.

Wakampeleka hospitali moja mjini Karatu. Daktari wa mifupa, mtu mrefu aitwaye Sebastian, akatazama picha, akasema itabidi apasuliwe na kutiwa chuma ndani ya mfupa. Kisha akaja daktari wa usingizi. Alikuwa mwanamke wa Machame, Aikande, umri wa binti yake wa pili, akavuta stuli, akaketi karibu kabisa na kitanda. Yohani hakuwa amezoea daktari anayeketi. Akampenda hapo hapo, na ubaya wote ulianzia kwenye upendo huo.

Aikande alimweleza kwamba hatapewa nusu kaputi. Atachomwa sindano ya mgongo, kuanzia kiunoni kwenda chini pafe ganzi, na juu abaki macho. Dawa ya ganzi ni ile ile kwa wagonjwa wote. Ila yeye Aikande alikuwa kwenye utafiti wa masomo yake ya kuongeza shahada, analinganisha dawa mbili za kuongezea ndani ya sindano ile, chembe tu, ili ajue ipi inamkalisha mtu muda mrefu bila maumivu baada ya kupasuliwa mguu. Wengine wanapata hii, wengine ile. Mfamasia ndiye anayezitayarisha, na hata Aikande mwenyewe hajui nani kapata ipi mpaka utafiti umalizike. Kazi ya mgonjwa ni kusema maumivu yake kwa namba. Sifuri maana yake hakuna maumivu, kumi maana yake maumivu ambayo hujawahi kuyaona maishani. Akifika nne kwenda juu anaongezewa dawa. Na asipotaka kuingia kwenye utafiti hana deni na mtu, atatibiwa vilevile. Yohani alikubali kabla maelezo hayajafika mwisho, kama mtu anayekubali chai.

"Jambo moja, baba," alisema Aikande. "Mguu uliovunjika hivi unaweza kuvimba ndani kwa ndani. Nyama inabanwa, damu haipiti. Maumivu ndiyo yanayotuambia mapema. Yakianza kupanda, usijikaze, sema. Tukichelewa, mguu unakufa."

Yohani akasema amesikia. Na ni kweli alisikia, masikio yake hayakuwa na shida. Lakini katika mazungumzo yote yale kichwa chake kiliokota jambo moja tu: huyu binti yuko kwenye mtihani. Dawa ni zake, mtihani ni wake, na namba itakayotoka kinywani mwa Yohani ndiyo maksi atakayopata. Ikitoka kubwa, dawa imeshindwa. Ikitoka ndogo, binti amefaulu. Jamani, mtu anaweza kuwa na roho nzuri mpaka ikawa hatari kwa wenzake na kwa nafsi yake.

Chumba cha upasuaji kilikuwa baridi. Wakamketisha, wakamwinamisha, Aikande akamchoma mgongoni, na muda si muda joto likamshuka mapajani kama amejikojolea. Aliona aibu, akanyamaza. Kisha joto likaondoka na miguu ikaondoka nalo. Wakamlaza, mikono wakaitandaza huku na huku, wakatundika shuka ya kijani mbele ya kifua chake asione kinachoendelea ng'ambo ya pili. Akauambia mguu wa kulia, ule mzima, ujikunje. Haukujikunja. Akauambia tena, kwa upole, kisha kwa ukali, kama anavyomwambia punda. Hakuna. Hapo ndipo woga ulipomshika hasa. Mtu wa kulima, mtu aliyepanda mteremko ule wa Daa tangu utoto, amelala nusu yake na nusu nyingine hajui imewekwa wapi.

Halafu ikaanza mashine ya kutoboa mfupa. Aliisikia ikilia kama ya fundi milango, na akaisikia ikizama ndani ya kitu, na kitu chenyewe kilikuwa yeye. Hakikuuma. Ndiyo iliyokuwa ajabu ya kutisha, kwamba anatobolewa na hakiumi. Kifua kikawa kizito. Alitaka kuinuka akimbie, na hakuwa na cha kukimbilia. Aikande akainama karibu na kichwa chake, akauliza kama yuko sawa. Sema basi, mzee! Sema unaogopa, mwenzio yuko hapo kwa kazi hiyo. Yohani akatabasamu, akasema yuko sawa kabisa, hongera kwa kazi. Aikande akamwekea mkono begani na kuuacha hapo mpaka mashine iliponyamaza. Kwa mkono ule Yohani aliapa moyoni kwamba binti huyu hatashindwa mtihani kwa ajili yake.

Wodini alilazwa karibu na dirisha. Kitanda cha jirani kilikuwa na Mmasai wa Malambo, Sairowua, mfugaji ambaye hajafika umri wa kuitwa mzee, aliyegongana na pikipiki akiwa na ng'ombe wake barabarani. Alipelekwa kwanza hospitali ya Wasso, kisha akapakiwa kwenye gari akala vumbi kutwa nzima hadi Karatu, paja limefungwa kwa mbao. Naye alikuwa kwenye utafiti ule ule, amefanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo.

Mchana ule, wote wawili walikuwa wepesi. Yohani alikuwa anawashwa pua, anaisugua mpaka ikawa nyekundu, na Sairowua alikuwa anasinzia katikati ya maneno yake mwenyewe. Wakaanza kubishana nani kapewa dawa nzuri. Sairowua akasema ya Yohani ni ya tumbaku, tazama pua. Yohani akasema ya Sairowua ni ya kunyonyesha watoto walale. Wodi nzima ikacheka, na kwa muda mfupi kile chumba kilikuwa mahali pazuri.

Aliyekuja kuchukua namba ni Anitha, muuguzi mwanafunzi, msichana mwenye adabu na haraka nyingi, maana wagonjwa wa utafiti walikuwa wametawanyika wodi mbili na miguu yake ilikuwa miwili tu. Alipiga magoti kidogo kama alivyolelewa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari ya mguu?"

"Nzuri."

Hayo yalikuwa maamkizi, na kwa Kiswahili maamkizi yanajibiwa hivyo hata na mtu anayezama. Mwenye shida husema nzuri kwanza, halafu ndiyo aseme "ila". Anitha akauliza namba. Yohani akasema sifuri, na saa hiyo ilikuwa sifuri ya kweli, mguu ulikuwa gogo. Msichana akambana vidole vya mguu kuona kama damu inapita, akavitazama rangi, akafurahi, akampongeza. Jioni akarudi: sifuri. Akamwita mwenzake aje amwone mzee wa sifuri. Jina likamkaa. Mpaka mfagiaji wa wodi alipita akamwita Mzee Sifuri, na Yohani, ambaye hakuwahi kupewa zawadi shuleni hata ya rula, akajisikia vizuri.

Kwa Sairowua mambo yalikuwa tofauti. Ganzi ilipomwachia tu, alisema nane, kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Akaongezewa dawa. Ikipungua nguvu, anasema saba. Mgonjwa mmoja wa upande wa pili akamchokoza, iweje Mmasai alie kwa kidonda, si ndio ninyi mnakatwa jandoni bila kupepesa jicho.

"Siku ile nilinyamaza," alisema Sairowua. "Iliniuma vilevile. Sirudii."

Wakacheka, wakamwelekezea mkono Yohani, wakamwambia Mmasai aige mfano kwa Mwiraqw, mwanaume hasa, sifuri mwanzo mwisho. Na Yohani akiwa amelala chini ya sifa hizo kama aliyefunikwa blanketi zito, ndipo mguu ulipoanza kumrudia.

Uliporudi, haukurudi kwa wema. Kulipopambazuka ulikuwa ukigonga chini ya goti, kishindo kimoja kizito kinachofuata mapigo ya moyo. Akadhani ndivyo inavyokuwa. Anitha alipopita, shikamoo, marahaba, habari ya mguu, nzuri. Namba? Neno lilikuwa mdomoni, nne, neno dogo. Akamwona msichana ameshaweka kalamu mahali pa sifuri, anatabasamu. Akasema sifuri. Anitha hakubana vidole safari hii. Mtu wa sifuri unambania nini vidole, na wodi ya pili wanamsubiri.

Sasa angalia mtego ulivyo. Uongo wa kwanza una mlango. Angeweza kumwita dakika ile ile akasema samahani mwanangu, ni nne. Hakumwita. Maumivu yakapanda, yakafika mahali pa sita, pa saba, na kila yalivyopanda mlango ukawa mwembamba zaidi, kwa sababu sasa hasemi tu kwamba mguu unauma, bali anasema kwamba alidanganya, kwamba Mzee Sifuri ni bandia, kwamba namba alizompa binti wa Machame ni takataka. Akajikaza kisabuni. Akang'ata pembe ya shuka, na mtu akimtazama anaiachia na kutikisa kichwa kwa salamu.

Dorkasi aliingia saa ya kuona wagonjwa na makande kwenye hotipoti. Alikuwa ametoka Daa alfajiri, ng'ombe amemwachia jirani, na gari la kurudi lilikuwa halimsubiri mtu. Akamuuliza. Wangeongea Kiiraqw kama siku zote, labda yangetoka. Lakini wodi ilikuwa kimya inasikiliza, na Yohani, kwa kutaka wote wafuate, akamjibu kwa Kiswahili kwamba anaendelea vizuri sana. Dorkasi akamtazama muda mrefu. Akamwambia hakuuliza salamu. Yohani akacheka, akala kijiko kimoja cha makande, akasema ameshiba. Mkewe aliondoka na hasira ile ile ya mwaka wa tembo, akageuka mara mbili mlangoni. Yohani alitaka kumwita. Alimwona anakwenda, na mdomo wake ukabaki umefungwa, na akajichukia.

Baada ya hapo hakukuwa na namba tena. Mguu ulikaza ndani ya bandeji kama umejazwa saruji. Ngozi ilivutika mpaka ikang'aa. Haikuwa maumivu ya kidonda, kidonda alikijua. Hii ilikuwa kama kuna mtu ndani ya mguu anayesukuma kuta atoke. Halafu kikatokea kitu kilichomtisha kuliko maumivu. Vidole vilianza kufa ganzi. Hakuna aliyekuwa amemchoma sindano nyingine. Maneno ya Aikande, yale aliyoyasikia bila kuyatia maanani, yakamjia yote kwa mpangilio wake: nyama inabanwa, damu haipiti, mguu unakufa. Akauona mteremko wa korongo. Akajiona anautazama kutoka juu, kwenye kigoda, maisha yake yote yaliyobaki, wengine wakishuka na punda.

Akakata shauri. Anitha akija, anasema.

Anitha akaja. Shikamoo, marahaba. Habari ya mguu? Yohani alifumbua mdomo kusema mbaya, na ulimi uliozoea ukatamka nzuri kabla hajauzuia. Namba, mzee wangu?

"Kumi," akasema Yohani.

Msichana akacheka kwa upendo. Akamweleza taratibu, kama unavyomweleza babu yako, kwamba amegeuza, hapa si kama shuleni, hapa kumi ndiyo mbaya kabisa na sifuri ndiyo nzuri. Alisema sifuri siku zote, si ndiyo? Yohani akamtazama. Hajawahi katika maisha yake kumbishia mtu mwenye sare, wala mwalimu, wala afisa, wala mgeni wa loji.

"Aa, kumbe," akasema. "Basi sifuri."

Naye Anitha akaandika, akamtakia mchana mwema, akaanza kuondoka.

Mtu asicheke. Wako wengi waliokufa na tai shingoni hivyo hivyo, na wengine walizikwa nayo. Yohani alisikia viatu vya msichana vikienda mlangoni, tap tap tap, na akajua kwamba kila hatua ile inachukua kipande cha mguu wake, na kwamba hakuna mtu aliyemfunga. Kamba zote kazisuka mwenyewe kwa adabu yake.

"Mzee," alisema Sairowua kutoka kitanda cha pili, polepole, bila utani. "Unalia."

Yohani akagusa shavu. Lilikuwa limelowa hadi shingoni, na hakuwa na habari. Na kwa kuwa machozi yalikuwa yameshatangulia kumwaibisha, hakuna tena alichobakiza cha kulinda. Akavuta pumzi, akapiga ukelele ambao hata Dorkasi hakuwahi kuusikia tangu waoane.

"Mwanangu, rudi! Nimekudanganya. Tangu asubuhi nimekudanganya. Mguu wangu unakufa!"

Anitha akarudi mbio, karatasi zake zikabaki sakafuni pale zilipoanguka. Akashika kidole gumba cha mguu akakinyanyua kidogo tu, na Yohani akapiga yowe lililowaleta watu kutoka varanda. Akabonyeza shavu la mguu. Lilikuwa gumu kama ubao. Rangi ya uso ikamtoka msichana. Akakimbia kuita madaktari.

Aikande na Sebastian walikuja pamoja. Sebastian alikata bandeji, akagusa, akaagiza chumba cha upasuaji kifunguliwe sasa hivi. Aikande alimkamata Yohani mkono huku kitanda kikisukumwa, na Yohani, hata kwenye hali ile, akaanza kumwomba msamaha. Akasema hakutaka afeli. Akasema alidhani akitaja namba kubwa, atamwangusha kwenye mtihani wake. Aikande alichelewa kuelewa. Alipoelewa alisimama, kitanda kikasimama naye.

"Baba," alisema, na sauti yake haikuwa ya daktari, "mimi nikifeli narudia mwakani. Mguu haurudiwi."

Safari hii hakumchoma mgongoni. Alimlaza usingizi kabisa, na Yohani alipofunikwa pua alikuwa bado anaomba msamaha.

Walimpasua shavu la mguu pande zote mbili, mpasuo mrefu, nyama iliyobanwa ipate kupumua. Nyingine ilikuwa imeshabadilika rangi, Sebastian akaiondoa. Vidonda viliachwa wazi, vinasafishwa kila mara. Kama unyayo utarudi kuwa wa mtu au utabaki kining'inio tu mwisho wa mguu, hakuna aliyejua. Mishipa ya fahamu huchukua muda wake kujibu. Wakasema watasubiri.

Kusubiri kule kulikuwa kifungo kingine. Yohani hakuitwa tena Mzee Sifuri. Watu walimwita kwa jina lake, kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya zaidi. Anitha alikuwa akija na macho mekundu, akauliza mguu kwanza na kusalimu baadaye, na kila mara alivibana vidole mwenyewe hata kwa wale waliosema sifuri. Aikande alimwambia wazi kwamba namba zake za siku ya pili hazifai, utafiti utaeleza kilichotokea, na kwamba sasa ameamua watu waulizwe kwa lugha ya kwao wakihitaji, tena siyo kwa namba peke yake. Yohani akauliza angalau alipewa dawa gani kati ya zile mbili. Aikande akasema bado hajui. Jibu hilo lilimuudhi kuliko alivyotarajia, na kwa mara ya kwanza akasema limemuudhi.

Dorkasi alihamia Karatu kwa dada yake. Alikuja kila siku, hakumgombeza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamkanda goti kwa viganja vyake, na Yohani alitamani bora angegombezwa.

Siku ya kupima ikafika. Aikande alikuja na pamba na sindano butu, akasema atafunika macho ya Yohani kwa kitambaa, atamgusa mahali mbalimbali, na Yohani aseme anasikia au hasikii. Sebastian alisimama nyuma. Anitha alikuwepo. Sairowua aliegemea magongo yake mapya, akajifanya anatazama dirishani.

Gizani, chini ya kitambaa, Yohani alikuwa peke yake na mguu wake. Alimsikia Dorkasi anapumua. Kitanda kilicheza kidogo, akajua daktari ameshagusa. Kila mtu chumbani alitaka neno moja. Lilikuwa rahisi, lilikuwa tayari kwenye ulimi, na lingewafurahisha wote.

"Unasikia, baba?"

"Sisikii," akasema Yohani.

Kitanda kikacheza tena.

"Na hapa?"

"Sisikii kitu." "Sisikii kitu, binti yangu. Ningekuwa nasikia ningekuambia."

Mtu mmoja akavuta makamasi; Yohani alidhani ni Anitha. Aikande akasema wasikate tamaa, akahama kutoka juu ya unyayo kwenda chini, karibu na kisigino, akaweka ile sindano butu, akakandamiza. Kwanza hakuna. Kisha, kutoka mbali sana, kama mtu anayeita ng'ambo ya korongo, kitu kikaja. Yohani hakukiamini. Akasubiri kifike.

"Hapo panauma," akasema.

"Kidogo au sana?"

"Panauma sana, daktari. Panauma vibaya. Usirudie."

Dorkasi akaanza kulia. Aikande akarudia palepale, kwa nguvu zaidi, na Yohani akapiga kelele, na vidole vyake vitatu vya mguu wa kushoto vikajikunja.